Kamba ya Mita Kumi

Ninyi walimu vijana wa hisabati, nina ugomvi na mmoja wenu. Kwa kuwa nilishindwa kumgombeza usoni, nitawagombeza nyote kwa pamoja, na asiyehusika anisamehe.

Jina lake Devotha. Anafundisha shule ya msingi hapa mjini Bukoba, amepanga chumba Kashai, na Jumapili baada ya misa hupanda bodaboda kuja kunisalimu Nyanga. Ni binti mzuri, ana adabu zake, huniletea mkate hata nikimwambia kwamba meno yangu na mkate hawaelewani tena. Mwezi uliopita aliiona kamba niliyoitundika kwenye msumari sebuleni, kamba kuukuu ya mgomba, ina alama za wino na fundo moja. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni kamba ya mita kumi, zana yetu ya zamani ya kufundishia vipimo. Akaiazima awaonyeshe watoto wake. Jumapili iliyofuata akairudisha, imekunjwa vizuri.

"Haya, ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Nzuri sana, bibi. Mita kumi kamili. Watoto wamefurahi kweli."

Nikamtazama. Yeye akatazama kikombe. Nikamwongezea chai, lakini moyoni nilijiambia, haya Domitila, miaka yote hii na ugonjwa ule ule bado upo. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mimi niliingia kazi ya ukufunzi miaka ile serikali iliposema kila mtoto aende shule, na walimu hawakutosha hata kidogo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa. Asubuhi walifundisha, mchana walisoma ualimu, na mara kwa mara tuliwaita kituoni kwetu mjini kwa mafunzo. Wengi wao walianza shule kwa futi na inchi, sasa tukawaambia futi basi, fundisheni mita. Kufundisha mita kwa kutumia nini? Rula ya mita ilikuwa moja tu pale kituoni, ya mbao, imefungiwa kabatini kwa mkuu wa kituo, na ukiitaka unaandika jina na kutia saini kama unayekopa ng'ombe.

Aliyetuongoza katika hisabati alikuwa Ma Leokadia. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, mkoba wa ukindu begani, na ndani ya mkoba huwezi kujua atatoa nini: mbegu, kizibo, ganda la mgomba, kipande cha sabuni. Alikuwa na sheria moja. "Zana ambayo mwalimu wa kule Izimbya kijijini hawezi kuitengeneza mwenyewe kabla ya kengele ya pili, hiyo si zana. Hiyo ni pambo." Ukimletea bango la rangi za kuvutia alikuwa anauliza tu, "Na mvua ikinyesha?" Basi bango unalirudisha chini ya meza.

Nimpe sifa zake kabisa. Mpaka leo sijaona mwalimu wa kumfikia. Alitufundisha kupata pembe mraba bila kifaa chochote. Chukua karatasi, hata ile iliyofungia sukari, hata iwe imechanika pande zote. Ikunje mara moja, upate mstari ulionyooka. Ikunje tena, mstari ule ujilalie wenyewe. Ile kona uliyopata ni nyuzi tisini, ipeleke kwenye ukuta wowote ukaupime. Jaribuni. Najua mnazo simu zenye kila kitu, jaribuni hata hivyo.

Mkosaji alikuwa hamchapi kwa maneno. Kuna kijana mmoja, msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, aliamua kufundisha kujumlisha kwa senene waliokaangwa. Zana ya mazingira, si ndivyo tulivyomwambia? Akawagawia darasa la kwanza kumi kumi. Akageuka kuandika ubaoni, tatu kujumlisha nne. Alipowageukia, hakuna senene hata mmoja, watoto wanafuta midomo. Sisi wakufunzi wengine tulicheka mpaka machozi. Ma Leokadia alimwambia, "Mwanangu, somo lako la kujumlisha limeharibika, lakini la kutoa limefaulu vizuri sana. Liandikie andalio la somo." Kijana akaliandika, na mwaka uliofuata akalifundisha, senene wakaliwa kwa hesabu.

Sasa nije kwenye kamba.

Alikuwapo mzee mmoja, Ta Rweyongeza, fundi wa nyumba za msonge. Wakati ule kila mtu alitaka bati na kazi yake ilikuwa imepungua. Ma Leokadia alimwita kituoni atufundishe duara. Ndiyo, atufundishe sisi wakufunzi! Tukakaa chini na vyeti vyetu, tukamtazama mzee asiyejua kusoma akichomeka kijiti, akivuta kamba, akizunguka kinyumenyume taratibu. Alipofika alipoanzia, mstari uligusana kabisa. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wakufunzi wote, bado sijathibitishwa kazini, na kichwa changu kilikuwa juu. Nilimwona mzee wa kijijini tu, fundi wa majani.

Baada ya hapo Ma Leokadia akanikabidhi kazi: kamba thelathini za mita kumi kumi, moja kwa kila mwalimu mwanafunzi, ili hata shule isiyo na rula iwe na mita yake. Ta Rweyongeza alizisokota kwa maganda makavu ya mgomba, nene kama kidole cha mwisho, kamba imara kweli kweli. Mimi kazi yangu ilikuwa kutia alama. Nikaazima futikamba ya chuma, nikazilaza kamba barazani moja moja, kila mita nikaweka alama ya wino. Wino ungefutika kwa mvua, nilijua hilo, nikajiona mjanja, nikasema nitafunga fundo juu ya kila alama. Mtoto hata akifumba macho ataihesabu mita kwa vidole.

Ta Rweyongeza alinikuta katikati ya kazi. Akashika kamba moja iliyokwisha kufungwa, akaipitisha mikononi.

"Mwalimu, waitu," akasema, "umeacha kamba ya kulisha mafundo?"

"Mzee," nikamjibu, "hapa tunapima kwa chuma."

Akaguna, akaiweka chini, akaenda zake. Sikumuuliza amemaanisha nini. Waitu, alinipa heshima ile, nami nikamrudishia kiburi!

Na nyinyi mmeshaelewa, maana mna akili. Fundo linakula kamba. Kamba nene vile, kila fundo linakula kama sentimita tano. Ukifunga mafundo kumi juu ya alama kumi, mita zako kumi zimebaki tisa na nusu. Ma Leokadia aliponiuliza, "Umezihakiki?" nilisema, "Nimezihakiki." Nilikuwa nimehakiki alama. Kamba yenye mafundo sikuwahi kuilaza tena kwenye futikamba hata moja. Wale vijana wakapokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakatawanyika nazo Bukoba vijijini na Muleba.

Mmoja wao alikuwa Salvatory. Kijana mwembamba, mkimya, kifungua mimba wa mama mjane mwenye kibanja kidogo cha migomba na kahawa upande wa Muleba. Kazi ile ndiyo iliyowasomesha wadogo zake watatu. Akifaulu mtihani wa vitendo anapewa cheti cha ualimu, akishindwa anarudi kushika jembe na mama yake, na wadogo wanarudi naye. Nilijua hayo yote. Aliwahi kuniambia mwenyewe, tena bila kulalamika.

Siku ya mtihani wake tulikwenda watu watatu kwa Landrova: mkaguzi, Ma Leokadia na mimi. Darasa la tano. Watoto wakasimama, wakatuamkia kwa pamoja. Salvatory aliponiona nikiingia alitabasamu, halafu nikaona amesita. Akaenda nyuma ya ubao, akakaa kidogo, akatoka na kamba yangu. Naijua, nilizifunga mwenyewe. Nikafurahi. Nikamgusa mkaguzi, nikamnong'oneza, "Zile zana nilitengeneza mimi." Yesu na Maria, mdomo huu!

Watoto wawili wakaishika kamba, wakaivuta kutoka ukuta wa mbele mpaka wa nyuma. Darasa lilikuwa na urefu wa kamba nzima.

"Mita ngapi?" Salvatory akauliza. Sauti yake haikuwa na nguvu.

Watoto wakatazamana. Halafu mmojammoja, kama wanaolazimishwa, "Kumi."

Kasichana ka dawati la mbele, Koku, kakanyoosha mkono. "Mwalimu, jana lilikuwa tisa na nusu. Darasa limekua?"

Watoto wakapasuka kicheko. Mkaguzi hakucheka. Akatoa futikamba yake ya chuma mfukoni, akampa Koku ncha, akaenda nayo mpaka ukuta wa nyuma. Tisa na nusu.

"Kijana," akasema, "unawafundisha watoto hawa nini hapa?"

"Nimekosea, ndugu mkaguzi," alisema Salvatory. Basi. Jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa, na hakunitazama hata mara moja.

Mkaguzi akafungua kalamu. Nataka niwaambie ukweli kuhusu wakati ule, maana mkinisifia bure kwenye mazishi yangu nitageuka kaburini. Nilijua. Mara tu nilipoona futikamba na mafundo pamoja, sauti ya Ta Rweyongeza ilinirudia sikioni, nikajua. Na nilinyamaza. Nilifikiri juu ya kuthibitishwa kwangu kazini. Nilifikiri jinsi wakufunzi wanaume watakavyocheka. Kalamu ilikuwa imeshagusa fomu na mimi nimenyamaza.

Ma Leokadia aliinuka, akaiokota kamba sakafuni. Akaipitisha vidoleni polepole, fundo kwa fundo, kama anayesali rozari. Kwenye fundo la tatu akasimama, akalibonyeza, akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama tu kama anayemsubiri mwanafunzi amalize hesabu ambayo anajua anaiweza.

"Ndugu mkaguzi," nikasema, "kamba ni yangu."

"Najua ni yako, umeshaniambia."

"Ni fupi. Nilipima kwanza, nikafunga mafundo baadaye. Nikaulizwa kama nimezihakiki, nikasema ndiyo. Sikuzihakiki. Ziko thelathini, na zote ni fupi."

Watoto wote wananitazama, Koku mdomo wazi.

"Na aliyemwamini bila kupima ni Leokadia," Ma Leokadia akaongeza, kwa sauti yake ile ya chini. "Ukiandika, uandike na hilo." Kisha akamgeukia Koku. "Mjukuu wangu, jana mlipima kwa nini?"

Koku akakimbia nyuma ya ubao, akarudi na kamba nyingine. Nayo ilikuwa ya mgomba, lakini haikuwa na fundo hata moja. Kwenye kila mita ulikuwa umepitishwa uzi wa ukindu mwekundu, umeshonwa katikati ya msokoto kama wanawake wanavyotia nakshi kwenye mkeka. Salvatory alizipima mita kwa ile rula ya kituoni, na mama yake ndiye aliyemwonyesha ushonaji. Uzi ule haukula kamba hata kidogo. Mkaguzi akailaza kwenye futikamba yake, mita ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi. Sawasawa.

"Sasa kijana," akamwuliza, amechanganyikiwa kabisa, "unayo mita nzuri hivi, umeificha, ukatumia hii mbovu siku ya mtihani. Kwa nini?"

Salvatory akajibu kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Mwalimu Domitila amekuja."

Mkaguzi alikuwa mtu wa mbali, hakuelewa. Mimi nilielewa, na machozi yalinitoka pale pale mbele ya darasa la tano. Kwetu, mtu akikupa mkeka, siku anapokuja kwako ndio huo unaoutandika, hata kama umechakaa, hata kama unao mwingine mzuri zaidi. Usipoutandika umemwambia zawadi yake haikufaa. Kijana yule alikuwa tayari kupoteza cheti, na shule ya wadogo zake, kuliko kuniaibisha mbele ya wageni.

Ma Leokadia alimweleza mkaguzi. Yule bwana akaichana fomu, akatoa nyingine.

"Kwa hisabati nakupa alama zote," akamwambia Salvatory. "Kwa adabu ya namna hii ningekupa sifuri. Bahati yako, fomu haina nafasi hiyo."

Mimi sikuthibitishwa mwaka ule. Nilistahili adhabu hiyo. Kwenye Landrova, tulipokaribia mjini, Ma Leokadia akasema, "Zimebaki ishirini na tisa," kisha akafumba macho, akasinzia.

Kesho yake nilianzia kwa Ta Rweyongeza. Nilipiga magoti kumwamkia, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nikae, akanipa kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, kisha akaanza kusokota kamba mpya bila kuuliza nani kamtuma. Ukindu nilipewa na mama yake Salvatory. Nikazitia alama, na safari hii nilizipima kabla na baada, nikampa na Ma Leokadia azipime, naye akazipima kweli, zote, bila kuona aibu wala kunionea.

Nikapanda baiskeli nikazipeleka shule kwa shule. Nisiwafiche, miguu ilivimba. Huko nikakuta mambo. Mwalimu mmoja alikuwa ameifungia mbuzi kamba yangu. "Inafunga vizuri sana, mwalimu," akanituliza. Lakini kilichonichoma ni wengine. Kila nilipoeleza kosa langu, niliona sura ya mtu aliyekwisha kulijua. "Tuliona inapungua kidogo," wanasema, wakitazama chini. Mmoja alikuwa amegundua wiki ile ile ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakuniandikia hata barua. Akasema, "Lakini wewe ni mwalimu wangu."

Tangu siku hiyo nilibadilisha namna yangu ya kufundisha. Kila somo niliweka kosa moja ubaoni kwa makusudi, na sikuendelea mpaka mtu asimame anikosoe. Mwanzoni walikaa kimya dakika nzima, wanateseka. Baadaye walizoea mno, hata nisipokosea wakawa wananikosoa. Afadhali hivyo.

Siku nilipostaafu, Salvatory alikuja. Alikuwa mwalimu mkuu, mvi zimeanza, wadogo zake wote watatu wameshasoma. Akanipa kifurushi. Ndani, kamba yangu, ile mbovu. Alikuwa ameinyunyizia maji kidogo, akayafungua mafundo kwa msumari na subira, akaitundika na jiwe mpaka ikanyooka. Alama zangu za wino bado zilionekana, maana mafundo yalizikinga na mvua.

"Nimefungua tisa, mwalimu," akasema. "La kumi nimekuachia wewe."

Sikulifungua. Nililiacha makusudi, nikaitundika ukutani, na tangu hapo kwa kila mwalimu kijana anayeiazima naihesabu kuwa mtihani. Ikilazwa kwenye futikamba, inapungua sentimita tano. Wameiazima wengi. Wote wameirudisha na kuniambia bibi, mita kumi kamili. Ama hamkupima, ama mlipima mkaniheshimu, na sijui lipi baya zaidi. Devotha ndiye alikuwa wa mwisho, na ndiye aliyenitia hasira ya kuandika haya yote.

Nilikuwa nimeishia hapo juzi, nikaweka kalamu. Leo ni Jumapili. Devotha amekuja na mkate wake, akakaa, akawa anazungushazungusha kikombe.

"Bibi," akasema, "usinikasirikie. Ile kamba... nilipima na watoto. Inapungua sentimita tano. Nilikudanganya. Sijalala vizuri tangu siku ile."

Jamani! Niliinuka kwenye kiti bila fimbo. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni mpaka jirani akachungulia uani kuuliza kuna nini. Devotha alidhani nimepata wazimu. Nikamshushia kamba, nikamwambia habari ya Salvatory, naye akalia kidogo mahali pale pale ninapoliaga mimi.

Tukalijaribu lile fundo. Mimi kucha zangu zimekwisha nguvu, nikashindwa. Akalichukua yeye, akalilowesha kwa maji, akalichokoa kwa kibanio cha nywele mpaka likaachia. Tukailaza kamba uani, yeye akakanyaga mkunjo uliobaki, akainyoosha.

Nikafungua mdomo kusema, unaona sasa, ni mita kumi. Akaninyooshea mkono ninyamaze, akatoa futikamba mkobani, akapima kwanza.